Mzizi Haukunywa Kilichoandikwa Kwenye Lebo

Vitunguu viwili vidogo vya Singida vimekalia midomo ya glasi mbili, vikigusa maji kwa kitako tu. Lebo za glasi hizo zinafanana neno kwa neno: lanthanamu kloraidi, mikromola 100 kwa lita. Saa 72 zimepita. Kitunguu cha kwanza kimetoa mizizi mifupi, minene, yenye ncha za kahawia, na ukiigusa kwa kibano inakatika badala ya kupinda. Cha pili kina mizizi mirefu, myeupe, laini, isiyo na dalili yoyote ya shida.

Kilichotofautiana ni kimoja. Glasi ya kwanza ina maji yaliyokenekwa yenye kalsiamu kidogo. Ya pili ina mmumunyo kamili wa virutubisho, ule wa Hoagland ambao maabara nyingi za mimea huutengeneza kwa mazoea.

Inua hiyo ya pili uipitishie mwanga. Chini kabisa kuna ukungu mweupe, mwembamba, ambao usipoutafuta hutauona.

Ukungu huo umenikalia kichwani kwa wiki kadhaa. Ukisoma matokeo ya majaribio ya sumu ya madini adimu (lanthanamu na metali za jamii yake, ziitwazo lanthanidi) kwa mimea, utakuta jedwali moja linasema mikromola 5 ziliumiza mizizi, na jingine linasema mikromola mia kadhaa hazikufanya lolote, au hata zilikuza mmea. Watu hueleza tofauti hiyo kwa aina ya mmea, kwa umri wa mche, kwa joto la chumba. Sawa, vyote hivyo vina mchango. Ila mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba sehemu kubwa ya mabishano haya ni kuhusu namba ambayo seli haikuwahi kukutana nayo.

## Kilichozama chini

Mmumunyo wa Hoagland wenye nguvu kamili una takriban milimola 1 ya fosfeti kwa lita. Hiyo ni mara 10 ya lanthanamu tuliyoweka. Na lanthanamu na fosfeti zikikutana ndani ya maji haziachani: huungana kuwa lanthanamu fosfeti, chumvi ambayo karibu haiyeyuki kabisa. Wagonjwa wa figo hupewa lanthanamu kaboneti kwa sababu hiyo hiyo, ili ikamate fosfeti ya chakula tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Kwenye maziwa yaliyochafuliwa na mbolea, udongo uliotiwa lanthanamu humwagwa majini ili kuibana fosfeti inayolisha mwani.

Kwa hiyo katika glasi ya pili karibu lanthanamu yote iligeuka mashapo. Iliyobaki ikiwa ioni huru ni sehemu ndogo mno, chini sana ya mikromola 1. Fosfeti ilipungua kutoka 1,000 hadi takriban mikromola 900, upungufu ambao kitunguu hakiujali. Mizizi ikakua vizuri kwa sababu sumu haikuwepo.

Geuza hesabu sasa. Tuseme umepunguza mmumunyo hadi fosfeti ni mikromola 50 tu, kisha ukatia lanthanamu ile ile ya 100. Fosfeti yote inazama, na mikromola 50 za lanthanamu zinabaki huru. Mche una njaa ya fosforasi na sumu kwa wakati mmoja, na jedwali litaandika "athari ya lanthanamu" juu ya vyote viwili.

Kuchuja hakusaidii sana kugundua hili. Chujio la kawaida la mikromita 0.45 hupitisha chembe ndogo za fosfeti hiyo, na mashine ya kupimia huzihesabu kana kwamba ni lanthanamu iliyoyeyuka. Anayetaka ukweli achuje kwa utando unaozuia chembe za nanomita chache, au apige hesabu ya aina za ioni kwa programu ya kikemia akitumia pH (kipimo cha uchachu wa maji), fosfeti, kaboneti na asidi za kikaboni zilizomo.

pH nayo ina neno lake. Chini ya takriban 6, lanthanamu iliyoyeyuka huwa zaidi ioni huru yenye chaji tatu chanya. Ukikaribia 7 na kuvuka, kaboneti na haidroksaidi huanza kuiondoa majini. Maji ya bomba yenye ugumu yatakuharibia jaribio kabla kitunguu hakijaloweshwa.

## Chaji tatu mahali pa chaji mbili

Kwa nini basi, ikiwa huru, inaumiza kiasi hicho?

Ioni ya lanthanamu ina nusukipenyo cha takriban angstromu 1.03. Ya kalsiamu ni 1.00. Kwa ukubwa ni kama mapacha, ila kalsiamu ina chaji mbili na lanthanamu ina tatu. Kila mahali kwenye seli palipotengenezwa kushika kalsiamu patashika lanthanamu, na patashika kwa nguvu zaidi. Seriamu, neodimiamu na gadoliniamu zina tabia hiyo hiyo, nusukipenyo kikizidi kupungua kidogo kidogo kadiri unavyosogea kuelekea luteti.

Pa kwanza ni ukuta wa seli. Pektini ya ukutani ina vikundi vya asidi vyenye chaji hasi, na kalsiamu ndiyo huvishikanisha. Lanthanamu huifukuza kalsiamu na kukaa mahali pake. Ukuta hukakamaa, na seli iliyokuwa ikirefuka inashindwa kuusukuma.

Pa pili ni utando wa seli, hasa milango ya protini inayopitisha kalsiamu. Lanthanamu haipiti humo kirahisi. Ni kama mtu mnene aliyesimama mlangoni, haingii wala hapishi. Wanafisiolojia wa mimea wameitumia kwa makusudi hayo miaka mingi: mmea ukipigwa na baridi, kalsiamu huingia ghafla ndani ya seli kama ishara, na ukitanguliza lanthanamu ishara hiyo hufifia. Gadoliniamu nayo hutumika kuziba milango inayofunguka utando unapovutwa.

Fikiria maana yake kwa kinyweleo cha mzizi. Kinyweleo hukua kwa ncha tu, na ncha hiyo huongozwa na kalsiamu iliyo nyingi mbele na chache nyuma. Funga milango, na kinyweleo kinasimama. Hakijafa. Kimepoteza mwelekeo wa kukua.

## Dakika, saa, siku

Hapa ndipo taarifa nyingi zinanichosha. Jaribio hupimwa siku ya tatu au ya saba, mara moja, kisha kila kilichoonekana kinaitwa athari ya sumu: mizizi mifupi, mgawanyiko wa seli uliopungua, vimeng'enya vya kupambana na oksijeni kali vilivyopanda, klorofili iliyoshuka.

Lakini vitu hivi havitokei pamoja.

Milango ya kalsiamu huzibwa ndani ya dakika. Kurefuka kwa mzizi hupungua ndani ya saa chache. Idadi ya seli zinazogawanyika kwenye ncha hushuka baadaye, na hapo tayari huwezi kusema ilishuka kwa sababu kromosomu ziliguswa au kwa sababu ncha yote imepoteza ishara zake za kawaida. Majani hufuata siku kadhaa baadaye, mara nyingi kwa sababu mzizi uliojeruhiwa haufikishi tena maji, chuma, manganizi na kalsiamu ya kutosha.

Ukipima klorofili siku ya saba peke yake, unapima kilio cha mwisho cha mzizi. Pima urefu wa mzizi saa ya 6, ya 24, ya 48 na ya 72. Mzizi uliosimama mapema kabla jani halijabadilika unakwambia jambo tofauti kabisa na jani lililonyauka mzizi ukiwa mzima.

## Je, inaingia ndani?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa hapana, na lilikuwa na ushahidi mzuri. Mwaka 1974 watafiti walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba kwenye mizizi ya mahindi lanthanamu hupita katikati ya kuta za seli mpaka kwenye mkanda wa Casparian, ule ukanda usiopitisha maji unaozunguka seli za endodemi, tabaka la ndani la mzizi, na hapo inasimama. Ilionekana kama doa jeusi linaloishia ukutani. Tangu hapo lanthanamu ikatumika kama alama ya njia ya nje ya seli, kwa kuaminiwa kwamba haivuki utando.

Nilikuwa nimelizoea wazo hilo mno.

Mwaka 2014 watafiti wa China walichapisha matokeo yaliyonifanya nilitazame upya: lanthanamu iliyowekwa kwenye seli za majani iliamsha umezaji, yaani utando ulijikunja kwenda ndani ukabeba vilivyokuwa juu yake. Seli za majani kwa kawaida hazifanyi sana hivyo. Ikiwa ni hivyo, basi ioni isiyopita mlangoni inaweza kubebwa ndani ya vifuko, na pamoja nayo vitu vingine vilivyokuwa vimekaa juu ya jani, zikiwemo metali nzito.

Matokeo haya mawili hayagombani. Moja linahusu mzizi wa mahindi na njia ya kuta. La pili linahusu seli ya jani na utando wake. Tatizo ni kuchukua la kwanza na kuliweka kama sheria ya mmea mzima.

Halafu kuna gugu la kangaga liitwalo kitaalamu Dicranopteris linearis. Kusini mwa China, kwenye vilima vilivyochimbwa madini adimu, hustawi na kupeleka madini hayo kwenye majani kwa kiasi kinachozidi miligramu 1,000 kwa kila kilo ya jani kavu, kiwango ambacho mmea mwingine ungekuwa umeshakufa au, mara nyingi zaidi, usingekifikisha kamwe juu ya mzizi. Mimea mingi huiacha lanthanamu mizizini. Kangaga hili huipandisha. Ndani yake kuna majibu ambayo kitunguu hakitatupa.

## Kujaribu bila kujidanganya

Kitunguu bado ni chombo kizuri sana, kwa sababu ni rahisi, kina kromosomu 16 kubwa zinazoonekana vizuri, na njia yake imekuwepo tangu 1938. Lakini kifanyike hivi.

Chagua vitunguu vidogo, vya kipenyo cha sentimita 2 hadi 2.5, vya shamba moja. Epuka vilivyokaa muda mrefu kwenye maghala ya kibiashara, kwani vingine hupulizwa dawa ya kuzuia kuchipua, na dawa hiyo huzuia mgawanyiko wa seli. Utalaumu lanthanamu kwa kazi ya dawa ya ghala. Bandua maganda makavu, kisha kwangua kwa uangalifu kitako cha kahawia cha mizizi ya zamani bila kugusa duara la vichomozo vipya. Ukilikata, mizizi haitatoka hata kwa maji safi.

Anzisha mizizi kwenye maji safi yenye kalsiamu kloraidi ya milimola 0.5 kwa lita, gizani, kwenye nyuzi 20 hadi 25, mpaka ifike kama sentimita 1. Kalsiamu hiyo iwepo kwenye glasi zote. Mzizi ulio kwenye maji yaliyokenekwa matupu hupoteza kalsiamu ya utando wake na kuonekana mgonjwa bila sumu yoyote. Lakini usiizidishe: kalsiamu nyingi hugombania nafasi na lanthanamu na kuficha sumu yake. Andika kiasi chake kwenye jedwali kama unavyoandika cha lanthanamu. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanaweza kufaa kwa mazoezi ya shule, mradi ni maji na si asidi, na mradi umeyapima pH.

Mmumunyo mama: gramu 0.371 za lanthanamu kloraidi yenye molekuli 7 za maji, katika mililita 100, hukupa milimola 10 kwa lita. Mililita 10 za huo ndani ya lita 1 ni mikromola 100, yaani takriban miligramu 13.9 za lanthanamu kwa lita. Chumvi hii hunyonya unyevu hewani, na chupa iliyofunguliwa mara nyingi haina uzito unaodhani. Ihakikishe kwa kupima titresheni na EDTA, kemikali inayokamata ioni za metali, pH 5.5, kwa kiashiria cha zailenoli. Utie asidi kidogo ufike pH 3 au 4, uhifadhi kwenye chupa ya plastiki. Ukishuka chini ya mikromola 1, kuta za kioo zenyewe hunyonya sehemu ya ioni, kwa hiyo glasi ziwekwe pembeni utumie plastiki.

Kwenye glasi za jaribio weka pH 5.5 kwa bafa ya MES (kemikali inayoizuia pH isibadilike), milimola 1. Usitumie bafa ya fosfeti, hata kidogo. Badilisha mmumunyo kila saa 24.

Makundi ya kulinganishia ndiyo moyo wa kazi. La kwanza, maji na kalsiamu tu. La pili, maji, kalsiamu, na mikromola 300 za sodiamu kloraidi, kwa sababu kila lanthanamu ilikuja na kloraidi tatu. La tatu hulikuta kwa nadra sana katika taarifa, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: kama unatumia mmumunyo wa virutubisho, mmumunyo huo huo bila lanthanamu na bila fosfeti. Hilo ndilo linakuonyesha njaa ya fosforasi inafananaje, ili usiiite sumu.

Kama mche lazima ule fosforasi kwa siku nyingi, mpe kwa zamu. Leo fosfeti bila lanthanamu; suuza mizizi vizuri; kesho lanthanamu bila fosfeti. Au gawa mizizi ya mche mmoja kwenye vikombe viwili, kimoja cha fosfeti, kingine cha lanthanamu. Inachosha, lakini haileti mashapo.

Kwa seli zenyewe, kata ncha za mizizi, zitie kwenye mchanganyiko wa ethanoli na asidi asetiki kwa uwiano wa 3 kwa 1 kwa saa 24, kisha uhifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70. Pasha kwenye asidi haidrokloriki ya 1 N, nyuzi 60, kwa dakika 5 hadi 10. Ikizidi, kromosomu huyeyuka na kupoteza rangi. Ikipungua, seli hazitengani ukizibonyeza. Baki na milimita 1 hadi 2 za ncha tu, tia rangi ya asetokamini, funika kwa kioo, bonyeza kwa kidole gumba kupitia karatasi bila kukiteleza. Hesabu angalau seli 1,000 kwa kila slaidi, kutoka mizizi mitano au zaidi, na anayehesabu asijue slaidi ilitoka glasi ipi. Madaraja ya kromosomu, vipande vilivyobaki nyuma na viini vidogo vya pembeni viandikwe kila kimoja kivyake. Seli ambayo haigawanyiki kabisa haiwezi kuonyesha daraja, kwa hiyo kwenye dozi kubwa sana kasoro huonekana "kupungua". Hilo limewahi kusomwa kama nafuu.

## Rangi ya zambarau iliyonishtua

Kipimo kinachotumika sana kuonyesha kwamba utando wa seli umeungua kwa oksijeni kali ni cha malondialdehaidi, masalia ya mafuta ya utando yaliyoharibika. Jani hupondwa, hutiwa asidi ya thiobabituriki, hupashwa moto, na rangi inayotokea husomwa kwenye nanomita 532, ukitoa usomaji wa 600.

Mmea wenye njaa ya fosforasi hutengeneza antosianini. Ndiyo maana majani ya mahindi kwenye shamba lisilo na fosforasi hupata zambarau kingoni. Na antosianini hufyonza mwanga karibu na hapo hapo, 532.

Unaona mtego ulipo. Lanthanamu inazamisha fosfeti, mche unapata njaa, jani linajaza antosianini, mashine inasoma rangi, jedwali linasema utando umeoza. Inawezekana umeoza kweli. Lakini namba hiyo peke yake haijui. Andaa sampuli ya pili isiyo na asidi ya thiobabituriki, uipashe moto vile vile, usome kwenye 532, uitoe. Sukari nayo huingilia, na marekebisho yake husomwa kwenye 440.

Kwa mizizi napendelea rangi ya buluu ya Evans, asilimia 0.25, dakika 15 hadi 30, kisha suuza mpaka maji yawe meupe. Seli hai huizuia. Seli ambayo utando wake umepasuka huimeza na kubaki ya buluu. Mzizi wenye njaa tu haukamati rangi hiyo. Mzizi uliochomwa na lanthanamu hukamata hasa kwenye ncha na eneo la kurefuka. Ni kipimo cha bei nafuu, na kinatenganisha mambo mawili ambayo vipimo ghali huyachanganya.

## Dozi ndogo inayosifiwa

China imetumia mbolea za madini adimu mashambani tangu miaka ya 1980, nyingi zikiwa mchanganyiko wa naitreti za lanthanamu, seriamu na wenzao, kwa kulowesha mbegu au kupulizia majani. Ripoti za mavuno kupanda ni nyingi. Majaribio ya Queensland, Australia, miaka ya 1990, yaliyofanywa kwenye mimumunyo hafifu iliyodhibitiwa vizuri, yalionyesha picha nyingine: mikromola chache tu, 5 na kushuka, zilitosha kuumiza mizizi, na choroko ziliumia kabla ya mahindi.

Sidhani upande mmoja unadanganya.

Dawa ya kupulizia majani haikutani na fosfeti ya udongo kwanza. Naitreti iliyomo ni nitrojeni, na kundi la kulinganishia lisipopewa naitreti sawa, sehemu ya faida ni ya nitrojeni. Msukosuko mdogo huamsha vimeng'enya vya ulinzi, na mche ulioamshwa huvumilia ukame wa wiki inayofuata vizuri zaidi. Pia kuna bakteria wanaoishi juu ya majani, wa jamii ya Methylobacterium, ambao wana kimeng'enya cha kuchoma methanoli kinachohitaji lanthanidi ili kifanye kazi, na methanoli hiyo hutoka kwenye pektini ya jani lenyewe. Huenda anayefaidika kwanza ni bakteria. Mmea wenyewe haujathibitika kuzihitaji.

Kinachonipa wasiwasi kwenye mbolea hizi ni mahali lanthanamu inapokwenda baada ya msimu. Haiozi. Hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, na kila msimu unaongezewa. Udongo ukiwa na fosfeti na pH ya 6.5, imelala. Mkulima akiendelea kutia mbolea za amonia bila chokaa, pH ikashuka hadi 4.5, iliyolala huamka.

## Kwenye udongo, si kwenye glasi

Ganzhou, mkoani Jiangxi, China, madini adimu hayako ndani ya mawe magumu. Yamenata juu ya udongo wa mfinyanzi kama ioni, na kwa miaka mingi yameondolewa kwa kumimina amonia salfeti kilimani ili amonia ichukue nafasi yao. Mimea ya chini ya vilima hivyo imeumia. Lakini imeumizwa na nini hasa? Amonia ikigeuka naitreti hushusha pH. pH ikishuka chini ya 5, alumini hutoka kwenye udongo. Na dalili za sumu ya alumini kwenye mzizi ni hizi: mzizi mfupi, mnene, ncha ya kahawia, unaokatika kirahisi. Ni zile zile za kitunguu cha glasi ya kwanza. Bwana shamba wa Kagera, wa magharibi mwa Kenya au wa milima ya Burundi anaijua picha hiyo bila kuwahi kusikia lanthanamu.

Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Kutia chokaa hakukusaidii kujua, kwa sababu chokaa huponya zote mbili, na fosfeti vile vile. Njia ya haki ni kuchota maji ya udongo, kuyapima yote (pH, alumini, amonia, manganizi, kalsiamu, kila lanthanidi), kisha kuyatengeneza upya maabara kwa mafungu: moja lenye alumini tu, moja lenye lanthanidi tu, moja lenye amonia tu, na moja lenye vyote. Mzizi wa choroko utakwambia ndani ya saa 48.

Hili linatuhusu moja kwa moja. Amana ya Makuutu, mashariki mwa Uganda, ni ya aina ya Ganzhou: ioni zilizonata kwenye mfinyanzi, chini ya mashamba ya mahindi, mihogo, viazi vitamu na kahawa. Gakara, Burundi, ambako uchimbaji ulirejea 2017 na serikali ikausimamisha 2021, ni mishipa ya bastinesaiti na monazaiti, fuwele zinazobeba madini adimu. Ngualla, mkoani Songwe, ni bastinesaiti kwenye kabonetaiti (mwamba wa moto wenye kaboneti nyingi) iliyochakaa. Madini ya Gakara na Ngualla yako kwenye fuwele ambazo maji ya udongo huziyeyusha polepole sana. Unaweza kupima udongo wa karibu na Gakara, ukapata jumla ya kutisha, na maharage yakawa mazima. Unaweza kupima Makuutu, ukapata jumla ndogo kuliko hiyo, na mzizi ukakutana na nyingi zaidi.

Kwa hiyo ripoti inayotoa jumla ya madini adimu kwa kilo ya udongo, bila kusema ni kiasi gani kinaachia, haimsaidii mkulima wa upande wowote.

Kipimo rahisi cha kinachoachia: gramu 10 za udongo uliokaushwa hewani na kuchekechwa kwa chekeche la milimita 2, mililita 100 za kalsiamu kloraidi ya 0.01 M, tikisa saa 2, chuja, pima, na usome pH humo humo. Sambamba, sampuli nyingine kwa amonia salfeti, ambayo inaiga kile mgodi utakachofanya. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo akiba ambayo uchimbaji utaiamsha. Chukua sentimita 0 hadi 20 na 20 hadi 40 kando kando, kabla kazi haijaanza, na uhifadhi sehemu ya kila sampuli ikiwa kavu kwenye chupa iliyofungwa. Ule udongo wa kabla hauwezi kupatikana tena baadaye.

Maabara ikikuletea europiamu iliyopanda peke yake huku majirani zake samariamu na gadoliniamu wakiwa chini, uliza kuhusu bariamu. Bariamu ikishikana na oksijeni ndani ya mashine ya ICP-MS, inayotambua elementi kwa uzito wake, hupata uzito wa 151 na 153, sawasawa na europiamu, na udongo wetu mwingi una bariamu ya kutosha kuzalisha europiamu ya uongo.

Majani yaoshwe kabla ya kukaushwa, na titani ipimwe pamoja nayo. Mmea hauchukui titani kwa kiasi cha maana, kwa hiyo jani lenye titani nyingi lina vumbi, na lanthanamu yake ni ya vumbi hilo. Mizizi nayo iloweshwe kwenye EDTA baridi ya milimola 10 kwa dakika 10 hadi 20, upime iliyotoka na iliyobaki, kwani iliyonata nje ya ukuta na iliyo ndani zaidi hazina maana moja kwa afya ya seli. Kwa mhogo na kiazi kitamu, pima ganda na nyama kila kimoja kivyake: ganda ndilo lililogusana na udongo, hubaki na udongo hata baada ya kuoshwa, na mlaji wa mhogo hulitupa kabla chungu hakijawekwa jikoni.